Kabla hujarusha simulesheni, fungua faili ya muundo wa protini uiangalie kwanza

Wiki mbili nzima kompyuta ilikesha ikipiga hesabu za jinsi atomu za protini yangu na dawa ndani yake zinavyosogea, nanosekunde 100, yaani hatua milioni 50 maana kila hatua ni femtosekunde 2 tu, halafu nafungua nakuta dawa imetoka mfukoni, yaani kwenye shimo la protini inamokaa dawa, inaelea kwenye maji. Nikajua dawa ndo mbovu. Nikarudia na boksi kubwa zaidi la maji, ikatoka tena.

Kumbe shida ilikuwa hidrojeni moja! Kwenye ule mfuko kuna histidini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, na pete ya histidini ina naitrojeni mbili, hidrojeni inaweza kukaa kwenye hii, au ile, au zote mbili. Eksirei inayotumika kupata muundo wa protini kwa kawaida haizioni hidrojeni kwahiyo programu ndo inazipachika, na kwangu ilipachika kwenye naitrojeni inayotazama dawa, palepale ambapo dawa nayo ilikuwa imeelekeza hidrojeni yake, sasa mbili zenye chaji chanya kidogo zimekutana uso kwa uso, lazima zisukumane. Nikaihamishia naitrojeni ya pili, nikarusha upya, dawa ikatulia mpaka mwisho.

We unayeanza, nakuomba sana, tenga hata siku nzima ya kuukagua muundo tu. Zungusha mfuko pole pole, histidini moja moja, jiulize inashikana na nani. Kwenye faili ya PDB, yaani ile yenye muundo wa protini, soma mistari ya REMARK 465, inataja asidi amino ambazo hazikuonekana kabisa, usije ukaacha pengo bila kujua. Na kama protini inafanya kazi ikiwa pacha, mfano protizi ya VVU, usichukue mnyororo mmoja, mfuko wake umejengwa na pande zote mbili.

AlphaFold, programu ya akili bandia inayobashiri umbo la protini, naipenda kwa moyo wote, Hassabis na Jumper walioiongoza walistahili ile Nobel ya kemia ya 2024. Ila angalia pLDDT, alama ya 0 hadi 100 ya jinsi programu inavyojiamini kila sehemu, chini ya 50 usijenge hoja yoyote hapo, mara nyingi ni kipande kisicho na umbo maalum. Halafu ile hazina yake ya miundo inakupa protini peke yake bila maji wala ayoni, kwahiyo kama protini yako hushika zinki utakuta nafasi tupu na ni wewe wa kuirudisha.

Ukishamaliza ukaguzi ndo urushe, na urushe mara tatu, kila mara atomu zianze na kasi tofauti.