Helikopta ya petroli: kabla hujavuta kamba

Wengi wanaoniuliza kuhusu helikopta za rimoti za petroli huja na lalamiko moja: nimevuta kamba mpaka mkono umekufa ganzi, mbona haiwaki? Hiyo isiyowaka hainipi wasiwasi. Inayonitisha ni ile inayowaka mara moja, kumbe swichi ya rimoti imeachwa kwenye mkao wa kurukia. Katika mkao huo injini hupewa mafuta mengi hata kijiti cha rimoti kikiwa chini kabisa. Klachi, inayounganisha injini na mapanga, haingoji amri ya mtu. Mzunguko ukipanda tu inashika, mapanga yanaanza kuzunguka, na wewe bado umeinama hapo na kamba mkononi.

Kwa hiyo washa rimoti kwanza, risiva (kipokezi kilichomo kwenye helikopta) baadaye. Rudisha swichi kwenye mkao wa kawaida, funga ile ya kuzuia mafuta, inayoibakiza injini kwenye mwendo wa chini hata ukipandisha kijiti, kisha pandisha kijiti mpaka juu huku ukitazama mkono wa sevo, kile kimota kinachofungua kabureta. Mkono huo wa sevo usisogee hata kidogo. Ukisogea, kamba haivutwi siku hiyo mpaka urekebishe rimoti. Halafu mkono wako mmoja ushike kichwa cha rota, pale mapanga yanapofungwa, kwa nguvu, na usikiachie mpaka nitakapokwambia.

Kuhusu mafuta: injini nyingi za helikopta hizi ni Zenoah za cc 23 hadi 29, ukoo mmoja na za mashine za kukata nyasi. Ni tu-stroki, oili inachanganywa na petroli. Mimi natumia 32 kwa 1, yaani mililita 31 za oili kwa lita moja, napima kwa bomba la sindano la duka la dawa. Huku pwani oili ya tu-stroki iliyojaa madukani ni ya injini za boti. Iache hapo hapo. Injini ya boti inapozwa kwa maji, hii yetu inapozwa kwa feni, joto lake ni jingine kabisa. Tafuta ya misumeno ya mnyororo.

Bonyeza kipira cha kabureta mpaka uone petroli inarudi kwenye tangi bila mapovu. Funga choki (kizibo cha hewa cha kabureta), vuta. Baada ya mivuto michache itakohoa mara moja na kuzima. Hapo ndipo watu wanapoharibu: wanaendelea kuvuta choki ikiwa imefungwa, plagi inalowa, kisha wanalaumu kabureta. Ikikohoa, fungua choki, vuta tena. Plagi ikishalowa, ing'oe, ikaushe, vuta kamba mara kadhaa tundu likiwa wazi, ila kaa mbali na tundu hilo, petroli inaruka.

Ikiwaka, kabla ya jambo lolote izime kwa swichi yake ya kuzimia, uhakikishe swichi inafanya kazi. Injini hizi hazitegemei betri kupata cheche. Swichi inazima kwa kupeleka umeme wa koili ya cheche kwenye bodi ya injini, kwa hiyo waya wake ukikatika injini haizimiki, inaendelea kunguruma. Ikikugomea, funga choki, itakufa yenyewe.

Iwashe upya, na ukiwa bado umeshika kichwa ibebe mpaka uwanjani, mbali na watu. Iweke chini, achia, rudi nyuma hatua kumi na tano au zaidi, ndipo ufungue ile swichi ya kuzuia mafuta. Iache ingurume taratibu ipate moto kidogo kabla hujainyanyua.

Skurubu za kabureta usizichezee ovyo, isipokuwa umehama mwinuko. Mashine iliyotulia Dar ukiipeleka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na petroli inazidi: moshi mwingi, mlio mzito, nguvu hamna. Kaza ile ya mwendo wa juu kidogo kidogo, robo ya robo ya mzunguko, urushe, usikilize. Na ukirudi Dar ilegeze kabla ya kuwasha, maana petroli ikipungua oili nayo inapungua, na pistoni inaungua.