Maswali ya Wasomaji: Picha ya Televisheni Yenye Meno ya Chanuo

SWALI: Ndugu mtaalamu, nimeunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni kwa HDMI na kuichomekea tyuna ya DVB-T2 ya USB (kifaa cha kupokea chaneli za dijitali za antena). Natazama kwa VLC, programu ya kuchezea video. Mtangazaji akikaa picha ni safi, lakini mchezaji akikimbia miguu yake inaota mistari ya kulala kama meno ya chanuo. Maandishi ya habari yanayopita chini nayo yanasitasita. Fundi kanishauri ninunue kadi mpya ya grafiki. Ni lazima? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usinunue kwanza. Hayo ni matatizo mawili, na mara nyingi yote huishia kwenye mipangilio.

Tuanze na meno. Chaneli inayorushwa kwa intalesi, iwe 576i au 1080i (mistari 576 au 1080), haileti picha nzima kwa mkupuo. Hutangulia mistari ya 1, 3, 5 na kuendelea. Baada ya sehemu moja ya 50 ya sekunde hufuata ya 2, 4, 6. Kwa hiyo kila nusu ni ya wakati wake, na kati ya nusu hizo mpira umeshasogea. Televisheni za chogo zilichora nusu moja baada ya nyingine, jicho lisihisi kitu. Kompyuta huzishona ziwe fremu moja, yaani picha nzima moja, na kila kinachotembea huchanika ukingoni. Mtangazaji wako hasogei, ndiyo maana yuko safi.

Mechi ikiwa inaendelea, bonyeza herufi D. Meno yakitoweka, umeshampata mchawi. Sasa fungua "Tools", kisha "Preferences", kisha "Video". Kwenye "Deinterlacing", yaani kutenganisha nusu, weka "On", na kwenye "Mode" chagua "Yadif (2x)". Hiyo 2x usiiache. Yadif ya kawaida hutoa fremu 25 kwa sekunde. Ya 2x hutoa 50, kila nusu ikapata fremu yake. Kutazama mpira kwa fremu 25 ni kunyang'anywa nusu ya mwendo uliorushwa. "Blend" iepuke kabisa: huficha meno kwa kuchanganya nusu mbili, ukabaki na mpira unaoburuta kivuli. "Discard" hutupa nusu ya mistari, 1080 ikabaki 540.

Ukibadilisha na usione tofauti, ingia "Input / Codecs", kwenye "Hardware-accelerated decoding" weka "Disable", kisha uifunge VLC na kuifungua upya. Kadi ikifungua video yenyewe, huweza kutumia njia yake ya kutenganisha nusu na kupuuza uliyochagua. Tazama mzigo wa prosesa: ukikaribia asilimia 100 na picha ikaanza kuruka, rudisha ilivyokuwa. Hapo ndipo ushauri wa fundi unapokuwa na uzito.

Kusitasita kwa maandishi ni suala la hezi (Hz), yaani mara ngapi skrini hupokea picha kwa sekunde. Kompyuta nyingi hupeleka picha kwa Hz 60. Fremu 50 zikiingizwa kwenye nafasi 60, moja katika kila tano huonyeshwa mara mbili, na jicho hukwama mara 10 kila sekunde. Kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, weka 50 Hz, halafu yafuate kwa jicho maandishi yale yale ya habari kwa dakika nzima. Wanaotumia Kodi, programu nyingine ya kutazamia, wawashe "Adjust display refresh rate", ibadilishe yenyewe.

SWALI: Mkanda wa VHS wa harusi ya wazazi ulihamishiwa kwenye kompyuta, faili likapunguzwa ukubwa wa picha. Sasa kuna mawimbi mazito ambayo herufi D haiyaondoi. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Faili hilo halitengenezeki. Lilipunguzwa kabla ya nusu kutenganishwa, mistari ikayeyukiana. Kama mkanda bado upo, uhamishe upya kwa pikseli 720 kwa 576 bila kupunguza, ndipo utumie ffmpeg, programu ya kugeuza video kwa amri za kuandika (bwdif ndicho kichujio chake cha kutenganisha nusu):

ffmpeg -i harusi.avi -vf bwdif -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac harusi.mp4

Kupunguza ukubwa, kama ni lazima, kuje baada ya bwdif. Watu wakionekana kurudi nyuma na kwenda mbele kwa mtetemo, mpangilio wa nusu umegeuzwa. Faili za DV (muundo wa video wa kanda za dijitali) huanza na nusu ya chini, basi andika bwdif=parity=bff. Faili la DV lisilopunguzwa hula takriban GB 13 kwa saa, na linastahili nafasi hiyo: usilifute hata kama MP4 imetoka vizuri.