Kabla Hujabandika Picha: Kwa Anayeanza Sanamu za Karatasi Kuhusu Akili Yake

Karibu kila anayeanza kazi hii, ya kutengeneza sanamu za karatasi na kuzibandika picha ili kusema yaliyo akilini mwake, huanza na kichwa. Kichwa kimepasuka utosini na waya zinachomoza, au kimeshikwa kwa mikono miwili na picha ya jicho lenye machozi imebandikwa shavuni. Maumivu yaliyo nyuma yake ni ya kweli, sibishi. Ila mtazamaji ameshaviona vichwa hivyo kwenye mabango ya semina za afya ya akili. Ataguna kwa huruma, apite.

Uache ugonjwa kwanza, utafute kitu. Sonona haina umbo, lakini kitanda ambacho hujakitandika tangu Jumatatu kinalo. Wasiwasi hauna umbo, lakini simu uliyoilaza kifudifudi ili usione nani anapiga inalo, tena inapigika picha. Mimi tatizo langu ni usingizi, na kazi yangu ninayoipenda kuliko zote ni mto wa kulalia uliotengenezwa kwa magazeti na kufunikwa kote kwa picha za feni ya chumbani kwangu. Nikiamka usiku nilikuwa napiga picha moja nikiwa nimelala chali, bila kuwasha taa. Picha zenyewe mbovu: nyeusi, zimejaa chenga. Zikiwa kwenye simu hazisemi kitu. Zikizunguka mto ambao ukiugonga unalia kama mlango, watu huelewa kabla sijafungua mdomo.

Kipimo ninachotumia ni hicho. Picha inabeba kilichokuwepo: saa ile, dari ile, mwanga ule. Sanamu inabeba uzito, ukubwa na mguso. Ondoa picha kichwani mwako: sanamu ikibaki inasema yale yale, picha hiyo ni pambo. Ondoa sanamu: kama hakuna kilichopotea, tundika picha ukutani uokoe unga wako wa gundi.

Njia ziko mbili, na ni vizuri uamue mapema. Unaweza kubandika picha juu ya sanamu, sanamu ndiyo ikawa kazi. Au unaweza kutengeneza sanamu ili ipigwe picha, picha ndiyo ikawa kazi. Msanii Mjerumani Thomas Demand hujenga mandhari nzima kwa karatasi na kadibodi, huipiga picha, kisha huibomoa. Kule New York, kuanzia 1959, mchoraji Saul Steinberg alichora nyuso kwenye mifuko ya karatasi, watu wakaivaa kichwani, na mpiga picha Inge Morath akawapiga picha wakiwa wamekaa tu kama wageni waliokuja kunywa chai. Kwa anayezungumzia akili yake, njia hii ya pili ina faida ambayo wengi hawaioni: kinyago kinakuficha. Kama unaishi kwa shemeji, au mwajiri wako ni wa kuchungulia mitandao, unaweza kusema yote bila sura yako kuonekana, na kinyago ukakichoma kesho yake.

Njia ya kwanza ndiyo yenye mitego mingi ya kiufundi, kwa hiyo nitakaa hapo.

Usipeleke picha zako kusafishwa studio. Karatasi ile ina ngozi ya plastiki: gundi haizami, na kwenye mkunjo wa bega au pua inakataa kulala. Picha za printa ya wino wa maji nazo zinayeyuka mara tu gundi inapozigusa. Unachotaka ni tona, yaani printa ya leza au mashine ya fotokopi, kwenye karatasi ya kawaida. Tona ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto na kushikana na karatasi, kwa hiyo hauogopi maji. Kijana wa steshenari akikwambia “zote sawa tu,” toa kopi moja, lowesha kidole, sugua. Wino ukitembea, nenda duka la pili. Mwanzoni toa nyeusi na nyeupe. Ni bei nafuu, na picha zilizopigwa kwa taa tofauti hazitagombana.

Halafu kumbuka karatasi hutanuka ikilowa. Paka gundi mgongoni mwa picha, iache dakika chache inywe, ndipo uibandike. Ukiibandika papo hapo itatanukia juu ya sanamu na kutoa makunyanzi. (Kwenye mto niliyataka makunyanzi, nikafanya kinyume.) Chana kwa mkono pale unapotaka picha iungane na jirani yake, maana ukingo uliochanwa una nyuzi nyembamba zinazolala. Mkasi utumie pale tu unapotaka jicho liugonge ukingo.

Gundi pika mwenyewe. Kikombe kimoja cha unga wa ngano koroga kwenye maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka, endelea kukoroga kwa mwiko mpaka uwe uji mzito unaong'aa. Kwa tabaka la juu, lile la picha, ngano huacha weupe kama vumbi. Hapo tumia wanga wa muhogo, ambao ukikauka unakuwa angavu, au gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Matone ya mafuta ya karafuu ndani ya uji husaidia kuzuia ukungu. Mende hayawazuii, kwa hiyo kazi iliyokauka isilale sakafuni jikoni.

Kiunzi, yaani umbo la ndani linaloshika karatasi, hakihitaji maneno mengi: waya wa kufungia nondo, wavu wa banda la kuku, maboksi, au puto lililopakwa mafuta ya mgando ili karatasi isiling'ang'anie. Nakutana na vijana wanaona aibu kwa vifaa hivi, eti ni vya watoto wa shule. Msanii Niki de Saint Phalle aliugua akili na kulazwa hospitali mjini Nice mwaka 1953, na huko ndiko alikoanza kuchora kwa dhati. Mwaka 1965, alipoanza kutengeneza zile sanamu zake za wanawake wanene wanaocheza, za mwanzo alizitengeneza kwa wavu wa waya, nyuzi za sufu na karatasi.

Bandika tabaka tatu, acha zikauke kabisa, ndipo uongeze. Hapa Dar, masika yakishaanza, siku moja haitoshi. Sanamu inaonekana kavu nje huku ndani imelowa, na baada ya wiki inanuka kama gunia. Iguse kwa shavu: ikiwa ya baridi, bado. Tabaka moja weka gazeti, linalofuata karatasi nyeupe, ili ujue ulipoachia. Na soma unachobandika. Nimeona uso mzuri sana wa huzuni wenye matokeo ya Simba na Yanga kwenye paji, na kila aliyepita alisoma matokeo.

Tabaka za ndani ndizo ninazozipenda kuliko zote, na hakuna aliyenifundisha. Kile usichoweza kumwonyesha mtu, kibandike huko. Barua ambayo hukuituma, kopi ya picha ya mtu aliyekuumiza, karatasi ya kliniki. Kisha funika. Hakuna atakayekiona, lakini wewe utajua kimo ndani, na umbo la nje utalifanya kwa namna nyingine. Weka kopi, usiweke karatasi halisi. Kliniki wataitaka.

Sasa kuhusu kujipiga picha. Mkono ulionyooshwa ni karibu mno: pua inakua, masikio yanakimbilia nyuma, na unaishia kuonekana mgonjwa kwa sababu ya lenzi tu. Iweke simu juu ya stuli hatua mbili kutoka ulipo, tumia kihesabu sekunde. Au mpe mtu. Nani anashika kamera ni jambo zito katika habari hizi. Miaka ya 1850 daktari Hugh Diamond aliwapiga picha wanawake waliolazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Surrey, Uingereza, akiamini ugonjwa unaweza kusomwa usoni. Kamera ilikuwa ya daktari. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, katika miaka ya 1980, wapiga picha Jo Spence na Rosy Martin, Waingereza pia, walikuwa wanapokezana: leo mmoja anakaa mbele na kuamua avae nini na awe nani, mwenzake anapiga, halafu wanabadilishana. Jaribu hivyo na rafiki mnayeaminiana. Anayekaa mbele ndiye anayeamuru, na akisema basi, ni basi.

Ndugu zako waombe ruhusa. Picha ya mama akiwa amelala ni ya mama, hata kama uchovu wake ndio ulioanzisha wasiwasi wako. Watoto waache kabisa. Kwenye paketi za dawa ziba jina lako na la hospitali kabla ya kutoa kopi.

Kazi hii haichukui nafasi ya matibabu. Kama una dawa, meza. Kama una miadi, nenda, hata kama gundi iko jikoni. Ipo siku sanamu inakuvuta chini badala ya kukutua mzigo, na utaijua kwa sababu unaacha kula na kulala ili uimalize. Ifunike kwa kanga, itakusubiri. Mawazo ya kujiua yakija usikae nayo peke yako: mwambie mtu aliye karibu, akupeleke hospitali usiku huo huo. Na ninachowasihi wote, picha ya kazi ya saa nane za usiku isiende kwenye statasi saa nane hizo hizo. Iangalie asubuhi kwanza.

Siku ya kuonyesha, utani utakuwepo. Dodoma iko mbali lakini jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya huko, liko mdomoni mwa kila mtu, na atapatikana mmoja wa kulitaja mbele ya sanamu yako. Wengine watauliza, “Huyu ni wewe?” Jibu liandae nyumbani, maana ukilitafuta pale pale utasema zaidi ya ulivyotaka. Mimi husema, “Ni mto,” na wanaotaka kujua zaidi hubaki, wakaanza kunihadithia usiku wao. Kwenye kikaratasi cha maelezo andika jina la kazi, vifaa, vipimo na mwaka. Jina la ugonjwa liandike tu kama ungeweza kulisema kwa sauti mbele ya jirani yako.