Uliza Ujibiwe: Mafuta ya kupima na maharage yanayokula mkaa

SWALI: Mume wangu ni kibarua wa ujenzi, analipwa kila jioni. Tuko sita nyumbani. Kila siku nanunua mafuta ya kupima ya 500, sukari robo na mkaa makopo mawili. Kila mtu anasema ninunue kwa jumla, lakini hiyo hela ya jumla naitoa wapi? Mama wa watoto wanne, Mbagala

JIBU: Mama, una haki ya kuuliza. Ushauri huo unamfaa mwenye mshahara wa mwezi. Anayelipwa kwa kutwa hupanda kwa bidhaa moja moja, na ya kuanzia ni mafuta, kwa sababu hayaozi na yanapimika.

Kwanza ujue unalipa nini. Mimina kipimo chako cha 500 kwenye chupa ya mtoto yenye alama za mililita. Tuseme kimefika 70. Lita ni mililita 1,000, kwa hiyo lita moja unainunua kwa kama 7,140. Sasa uliza bei ya lita nzima kwenye duka hilo hilo. Tofauti utakayoiona unaiacha pale kila wiki mbili.

Mtaji wa kuanzia utoke humo humo jikoni. Siku mbili au tatu kwa wiki pika mboga ya chukuchuku, na ile 500 ya mafuta iingie kwenye kibubu. Usiiweke kwenye simu, maana makato ya kutoa yatakula hela ndogo kama hiyo. Ikifika bei ya nusu lita, nunua.

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Mafuta yakiwepo ndani, ile 500 ya kila siku inaonekana imepatikana bure, inakwenda kwenye maandazi. Hapana: iendelee kuingia kibubuni kana kwamba unanunua mafuta. Nusu lita kwa mililita 70 inakaa siku saba, na kibubu kitakuwa na 3,500. Nunua nusu nyingine, chenji ibaki humo humo. Baada ya mizunguko kadhaa utanunua lita, kisha dumu. Hapo ndipo uguse sukari, na baadaye mkaa wa gunia.

Dumu nalo lina hatari yake: mkono unakuwa mwepesi. Liweke chumbani, jikoni kikae kichupa cha nusu lita chenye kizibo kilichotobolewa kwa msumari. Kisijazwe tena kabla ya siku saba. Na mkiwa majirani wanne mnaoaminiana, ndoo ya lita 20 inawapa lita tano tano. Gawaneni siku hiyo hiyo, kwa jagi moja, wote mkiwepo.

Kama una deni kwenye daftari la duka, lilipe kwanza. Mwenye deni hahami duka hata bei ikiwa mbaya.

SWALI: Maharage yanamaliza mkaa wangu wote. Nifanyeje? Msomaji, Morogoro

JIBU: Kilo moja iloweke kwenye lita tatu za maji tangu saa mbili usiku, asubuhi mwaga maji hayo. Tia mapya yapite juu ya maharage kwa vidole viwili. Yachemke kwa nguvu dakika 20. Zile 10 za kwanza usizipunguze kabisa, kwani maharage mekundu mabichi yana sumu inayosababisha kutapika, na moto mdogo hauiondoi. Kisha funika sufuria, litie kwenye kapu lililozungushiwa blanketi kuukuu, weka mto juu, usifunue kwa saa tatu. Sufuria liwe limejaa robo tatu au zaidi, maana chakula kidogo hupoa upesi. Yakitoka, yachemshe tena mpaka yaive vizuri.

Nyanya na ndimu zingoje yalainike, kwa sababu uchachu unayakaza. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1. Yakigoma hata baada ya kulowekwa, huenda yamekaa ghalani muda mrefu mno. Siku nyingine jaribu kikombe kimoja kabla ya kubeba kilo tano. Asiye na friji apike ya siku moja tu.

SWALI: Mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 siku hizi unaisha upesi. Naibiwa?

JIBU: Pima kabla ya kutoka dukani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, mara nyingi kwenye kola ya juu. Ukiandikwa 7.2, mzani usome 13.2. Kila mtungi una namba yake, hivyo usitumie ya ule uliorudisha. Uzito ukiwa sawa, tazama moto: ukiwa wa njano na sufuria linashika masizi, matundu ya jiko yameziba. Jiko likipoa, yazibue kwa pini na mswaki mkavu.