Unataka kuchunguza usalama wa dawa za moyo? Anzia kwenye mkoba wa mgonjwa

Wiki iliyopita, baada ya makala yetu ya utafiti wa dawa za moyo kuchapishwa jaridani, mwanafunzi mmoja wa famasia aliniandikia: "Dada, nami nataka kuwa mtafiti wa magonjwa ya moyo. Nisome takwimu kwanza au nitafute ufadhili?" Nilimjibu pembeni, lakini najua mko wengi wenye ndoto hiyohiyo, kwa hiyo jibu nalimwaga hadharani.

Takwimu utafundishwa. Ufadhili utautafuta mpaka uchoke. Anza kwa kumuuliza mgonjwa anameza nini.

Kwenye kliniki ya presha niliyokuwa nakusanya data, faili zilikuwa safi, dawa za presha tu: amlodipini, losatani, kidonge cha kukojoza, basi. Akaja mama mmoja, presha 170 kwa 100, kila akirudi anaongezewa dozi. Nikamwomba anionyeshe vyote anavyotumia. Akapekua mkoba, chini ya leso na nauli, akatoa pakiti iliyokwishatobolewa nusu. Diklofenaki, asubuhi na jioni, kwa ajili ya magoti. "Hii si dawa mwanangu, ni ya maumivu tu." Kwenye faili lake haikuwepo.

Diklofenaki na ndugu zake, yaani dawa za maumivu za jamii yake, huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, na hupunguza nguvu ya losatani na ya vidonge vya kukojoza. Ukizimeza zote tatu pamoja, figo nazo zinaweza kuumia. Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilielekeza asipewe diklofenaki mtu mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi, wala aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi. Kwetu inauzwa kama njugu.

Nilipopendekeza dodoso liwe na swali la dawa za dukani, mkubwa mmoja kwenye mradi alicheka mbele ya wenzangu: "Tunachunguza moyo, hatuchunguzi maduka." Sijasahau, wala sioni kwa nini nisahau. Swali liliingia kwa mbinde, na leo ndilo linaloibeba makala. Jina lake naye limo, tena juu ya langu.

Angejua historia asingecheka. Chukueni Vioxx ya kampuni ya Merck, dawa ya maumivu ya viungo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia wagonjwa wa baridi yabisi wapatao 8,000, na lengo lilikuwa kuona kama dawa hiyo inalinda tumbo kuliko naproksini, dawa nyingine ya maumivu. Tumbo lililindwa kweli. Lakini mashambulio ya moyo yalikuwa mengi upande wa Vioxx. Kampuni ikaeleza kwamba ni naproksini inayolinda moyo, na kwa kuwa hapakuwa na kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa, ubishi ukaendelea kwa miaka. Jibu lilitoka kwenye utafiti mwingine wa Vioxx, wa vinyama vinavyoota kwenye utumbo mpana, ambao ulikuwa na kundi hilo: kwa waliomeza Vioxx, hatari ya moyo na kiharusi ilikuwa karibu mara mbili. Tarehe 30 Septemba 2004 Vioxx ikaondolewa sokoni. Mwishoni mwa 2005 jarida lililochapisha ule utafiti wa mwaka 2000 likatangaza kwamba mashambulio matatu ya moyo hayakuingizwa kwenye makala ya mwanzo.

Moyo umeonekana kwenye utafiti wa viungo na wa utumbo! Kwa hiyo wadogo zangu, ukisoma makala yoyote uliza: dawa imelinganishwa na nini, na nani ameachwa nje ya hesabu? Uliza tena. Wakubwa wakikucheka, uliza kwa sauti zaidi.

Na wewe uliyeko duka la dawa huko wilayani usisubiri mradi. Ukishuku dawa imemdhuru mtu, jaza fomu ya njano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania. Huhitaji kuthibitisha, kushuku kunatosha. Pale panapouliza dawa nyingine anazotumia, usiandike "hakuna" kabla hajafungua mkoba.