Maji ya kuoga ya mtoto: kupima kwa mkono hakutoshi

Dada, umeuliza kama kuchovya mkono kunatosha kabla ya kumwogesha mtoto wa mwaka mmoja, maana mmefunga hita mpya na maji yanatoka ya moto mno. Mimi ni muuguzi, nimehudumu miaka mingi kwenye wodi ya majeraha ya moto. Hakutoshi. Watoto wengi tuliowapokea hakuna aliyewatia kwenye maji ya moto. Maji ya moto yalitangulia kwenye beseni yakingoja ya baridi, mama akageuka kuchukua taulo, mtoto akatumbukia. Wengine walishika koki wenyewe wakaizungusha.

Kwa hiyo anza na maji ya baridi, kila siku, hata ukiwa na haraka. Kisha ongeza ya moto kidogo kidogo, na umalizie tena na ya baridi ili mdomo wa bomba upoe. Koroga mpaka chini, kwa sababu beseni linaweza kuwa vuguvugu upande mmoja na upande wa pili linaunguza. Hapo ndipo upime, tena kwa kiwiko, si kwa kiganja. Viganja vilivyozoea sufuria vinadanganya. Kipimajoto ni bora zaidi: nyuzijoto 37 au 38 zinamtosha mtoto. Mkalishe mbali na koki, na usimwache hata simu ikiita.

Sasa hita yenyewe. Maji ya nyuzijoto 60 humuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde kama 5, na mtoto, ambaye ngozi yake ni nyembamba, haraka kuliko hapo. Yakiwa 49, inachukua dakika kadhaa, muda wa kutosha kumtoa. Ila kama hita yenu ina tangi, msikimbilie kuteremsha sana joto lake, kwani bakteria wa lejonela, wanaoleta homa kali ya mapafu, huzaliana kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama. Mwiteni fundi awafungie valvu ya kuchanganya maji: tangi linabaki na joto lake, bombani yanatoka yaliyopunguzwa. Nikichagua kitu kimoja cha kugharamia, ni hicho, kwa sababu kinalinda hata pale macho yetu yasipokuwepo.

Kama nyumbani kuna mzee, hasa mwenye kisukari, haya yote yanamhusu. Namkumbuka mzee mmoja aliyeloweka miguu kwenye beseni, akaendelea na mazungumzo yake kwa utulivu kabisa. Miguu ilikuwa na ganzi. Alipoitoa ndipo mkewe alipoona ngozi ya kisigino imebambuka na kuning'inia. Mtu wa namna hiyo apimiwe maji na mwingine.

Ikitokea ameungua, mvue nguo, nepi na bangili upesi, ila kilichoganda kwenye ngozi usikivute. Mwagia jeraha maji ya bomba ya baridi dakika 20 kamili, huku sehemu nyingine za mwili umezifunika asipate baridi. Hata kama saa moja au mbili zimeshapita, bado yanasaidia. Barafu, dawa ya meno, yai, mafuta, hapana. Tulilazimika kuyasugua yatoke na mtoto akalia upya. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi umpeleke hospitali, na kwa umri wa mwanao usisubiri uone litakavyokuwa kesho.