Wasomaji Wauliza: Siku Chache Unguja, Tulale Mtaa Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Dodoma. Katika likizo ya Juni nakusudia kwenda Unguja kwa siku nne, yaani tutalala mara tatu, pamoja na mke wangu, watoto wetu wawili wenye miaka 7 na 10, na mama yangu mzazi ambaye ametimiza miaka 68 na hajawahi kuvuka bahari. Mama anatembea vizuri, ila magoti humsumbua akipanda ngazi. Tutafika Dar es Salaam kwa treni, kisha tutapanda boti. Nimeelekezwa sehemu tatu: nyumba ya wageni iliyoko Kiponda, ambayo picha zake zinavutia na bei yake tunaimudu, hoteli ya Shangani, ambayo ni ghali, na nyumba nzima ya kupanga kwa siku huko Kikwajuni, ambayo ni nafuu kuliko zote. Shemeji yangu naye anasisitiza kwamba tusilale mjini kabisa, twende moja kwa moja Nungwi. Naomba ushauri.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, mfikishie mama shikamoo yangu. Nikupe kwanza jibu lenyewe ili uanze kupanga: laleni pembezoni mwa Mji Mkongwe, yaani sehemu ya kale ya mji wa Zanzibar, upande wa Vuga au Shangani, mahali ambapo gari hufika mlangoni. Bei ikiwashinda, chukueni ile nyumba ya Kikwajuni na msione kwamba mmepungukiwa. Kiponda ipitieni mchana kwa miguu, lakini msilale huko safari hii.

Kiponda, pamoja na mitaa mingine kama Hurumzi na Kajificheni, iko ndani ya Mji Mkongwe, mahali ambapo gari haliingii. Njia zake ni vichochoro vinavyojipinda kati ya nyumba ndefu za mawe, na vingine ni vyembamba kiasi kwamba pikipiki ikija mtu hulazimika kujibanza ukutani. Teksi mtakayoichukua bandarini itawashusha Mizingani, barabara ya kando ya bahari, au upande wa Darajani, na kutoka hapo mtatembea na mizigo, mkiulizia njia, huku mama akiwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye boti. Kumbuka kwamba Juni ni majira ya kusi, upepo wa kutoka kusini, na mkondo wa bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja huweza kuchafuka hata mtu aliyezoea akajisikia vibaya. Mtu wa umri wake aliyevuka bahari kwa mara ya kwanza anastahili kutoka bandarini hadi kitandani bila kubebeshwa adha nyingine.

Ukishafika kwenye nyumba yenyewe, kuna ngazi. Nyumba nyingi za katikati ya mji zilijengwa katika karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba. Kwa hiyo nyumba ni nyembamba, imekwenda juu, na ngazi zake zimesimama sana, tena mara nyingine vidato vyake havilingani. Kwa kawaida chini huwa ni mapokezi au duka, wageni hulala juu, na chai ya asubuhi huandaliwa kwenye paa, mahali ambapo zile picha nzuri ulizoziona hupigwa. Usitarajie lifti, kwa sababu Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mwenye nyumba haruhusiwi kubomoa au kuongeza kitu bila idhini ya mamlaka ya hifadhi. Ninaunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, maana bila ulinzi huo tungekuwa na mji wa saruji kama mji mwingine wowote. Lakini maana yake kwako ni kwamba mama atapanda ghorofa tatu kwenda kunywa chai, kisha atashuka tatu hizo hizo kabla matembezi hayajaanza. Kijana na mchumba wake ningewaambia walale Kiponda bila shaka yoyote.

Watu wengi huchagua mtaa kwa kufikiria mchana, yaani umbali wa kufika kwenye vivutio. Katika Mji Mkongwe hilo halina uzito mkubwa, kwa sababu mji wenyewe ni mdogo na mtu mwenye miguu mizima huukata kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa chini ya nusu saa. Kinachotofautisha mtaa na mtaa ni saa mbili au saa tatu ya usiku, mnapotoka Forodhani. Bustani ile ndiyo sebule ya mji: baada ya magharibi wauzaji hupanga meza zao za mishikaki, pweza, urojo na juisi ya miwa, watoto hucheza, na wazee hukaa kwenye viti kupunga upepo wa bahari. Nina hakika mtakwenda kila usiku. Sasa jiulize mtarudije, huku mtoto mdogo amelala begani na mama amechoka. Njia fupi, tambarare na yenye taa, au gari la kuwafikisha mlangoni, ina thamani kubwa kuliko paa lolote lenye mandhari ya kupendeza.

Kwa kipimo hicho Shangani inaongoza. Ni ncha ya magharibi ya mji, inapakana na bahari, Barabara ya Kenyatta inaipitia, na kutoka hoteli zake nyingi hadi Forodhani ni matembezi mafupi yasiyo na mlima. Ughali wake unatokana na hoteli za wageni kutoka nje kujazana huko, na bei hizo huzidi kupanda kuelekea Julai na Agosti. Mkiweza kwenda mwanzoni mwa Juni, mvua za masika zikiwa zimekwisha na umati haujafika, piga simu moja kwa moja hotelini, usitegemee bei iliyoandikwa kwenye intaneti pekee, na uulizie bei ya wakazi. Hoteli nyingi zinayo, lakini hazimpi asiyeuliza. Vitambulisho vya uraia msiviache nyumbani, kwa kuwa hata nauli ya boti ya Mtanzania ni tofauti na ya mgeni wa nje.

Hata hivyo, mimi ningeanza kutafuta Vuga. Mtaa huu uko kusini, umebanwa kati ya Shangani na Mnazi Mmoja, na wageni wengi huupita bila kuufikiria kwa sababu hauna bahari dirishani. Una barabara za kweli zenye miti mikubwa, majengo ya kiserikali ya enzi za ukoloni kama lile la zamani la Mahakama Kuu, na usiku wake ni mtulivu. Teksi husimama mlangoni. Hadi Forodhani ni kama robo saa kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, na hospitali ya Mnazi Mmoja iko jirani. Sina nia ya kuwatisha kwa kutaja hospitali, lakini ukisafiri na mzazi mwenye umri huo, kujua kwamba huduma iko karibu hukupa usingizi. Vyumba ni vichache kuliko Shangani, basi wahi.

Kikwajuni iko Ng'ambo, upande wa pili wa Barabara ya Benjamin Mkapa, na watu hudhani kulala huko ni kukosa Unguja yenyewe. Sikubaliani nao. Huko ndiko wanakoishi watu wa mji, watoto wenu watapata wenzao wa kucheza nao, na nyumba nzima yenye jiko itampa mama mahali pa kukaa kama nyumbani. Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, haliko mbali, na mke wako anaweza kumchukua mama asubuhi wakachagua samaki na viungo vya siku hiyo wakapika wenyewe. Gharama yake ni teksi ya kwenda na kurudi Forodhani kila jioni, ambayo uijumlishe kwenye bei kabla hujasema kwamba nyumba ni nafuu. Uliza pia nyumba iko ghorofa ya ngapi, kwa sababu hata Ng'ambo kuna majengo ya ghorofa yasiyo na lifti.

Shemeji yako hajakosea kuisifu Nungwi. Ufukwe wake ni mzuri, na maji hayakimbii mbali wakati wa kupwa kama yanavyokimbia Paje na Jambiani. Lakini ni karibu kilomita 60 kutoka bandarini, ni zaidi ya saa moja garini, na mkilala huko kila safari ya mjini itawagharimu nusu siku. Kwa watu wenye wiki nzima ningewaambia wagawe siku zao sehemu mbili. Kwa kulala mara tatu, kuhama hoteli katikati ni kupoteza siku kwa kufunga na kufungua mizigo. Tengeni siku moja, kodisheni gari asubuhi, mkaogelee, mrudi jioni. Watoto pia watafurahi kupelekwa kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli. Safari yake ni fupi, lakini boti ndogo za huko mara nyingi hupandwa kwa kukanyaga maji ufukweni, kwa hiyo mama huenda akapenda kubaki kivulini na mkwewe.

Kabla hujatuma malipo ya awali, piga simu na umuulize mwenye nyumba mambo haya kwa maneno ya wazi: gari husimama hatua ngapi kutoka mlangoni, kuna chumba cha chini au vidato vingapi kufika chumbani, chai ya asubuhi inanywewa wapi na kama inaweza kushushwa chini, choo kimo ndani ya chumba, na dirisha linatazama wapi. Anayekujibu kwamba "si mbali" au "ngazi ni chache tu", mwombe idadi. Asiyetaka kukutajia idadi, achana naye. Kuhusu kelele, fahamuni kwamba misikiti ni mingi na adhana ya alfajiri husikika kila mtaa wa mji, Vuga na Kikwajuni zikiwemo, kwa hiyo hilo lisiwe sababu ya kuchagua au kukataa mahali. Muziki wa baa na jenereta la jirani ndivyo vya kuulizia.

SWALI: Mhariri, sisi ni ndugu watatu tunaoishi Maskati. Bibi yetu, mzaa baba, alizaliwa Malindi ya Unguja, na hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Tutapata siku mbili tu tukiwa njiani kwenda Dar es Salaam. Tumeambiwa Malindi ina kelele na kwamba tulale hoteli za ufukweni, kisha tuende kuitembelea. Unasemaje?
Msomaji, Maskati

JIBU: Laleni Malindi. Yale niliyomwambia ndugu wa Dodoma hayawahusu ninyi, kwa sababu ninyi mnakwenda kwa ajili ya mtaa wenyewe, na mtaa hauonekani vizuri kwa kuutembelea saa mbili za mchana wa jua kali, ambapo milango imefungwa na watu wamejipumzisha. Malindi inaonekana alfajiri, wavuvi wanaporudi na mnada wa samaki kuanza kando ya bandari, na inaonekana tena baada ya sala ya alasiri, wazee wanapotoka kukaa barazani kunywa kahawa. Aliyelala hapo hapo huzipata saa zote mbili bila kukimbizana na dereva.

Kelele mlizoambiwa ni za kweli. Upande unaotazama bandari una malori, makuli na abiria wa boti tangu mapema sana, hivyo ombeni chumba kilichoingia ndani, kuelekea Msikiti wa Malindi wenye mnara wa umbo la pia, au kinachotazama uwani. Nyumba za wageni za hapo ni za kawaida na nyingi ni nafuu. Msizipime kwa hoteli za ufukweni. Faida nyingine ni kwamba siku ya kuondoka mtakwenda kupanda boti ya asubuhi kwa miguu.

Mkifika barazani, toeni salamu kamili, kaeni, mkubali kahawa, kisha mtaje jina la bibi pamoja na la baba yake na babu yake, na kazi waliyokuwa wakiifanya, maana majina hufanana sana na kazi ndiyo huwatenganisha watu. Waulizeni wazee wa kwenu huko Maskati haya yote na myaandike kabla hamjasafiri. Kama mnaweza kuchagua siku, epukeni kuifanya Ijumaa kuwa moja ya siku zenu mbili, kwa kuwa adhuhuri ya siku hiyo maduka mengi hufungwa na wale mnaowatafuta watakuwa msikitini, kisha majumbani na familia zao.